Chili ya Maharage Isiyo na Nyama, na Mipaka ya Chungu cha Umeme

Mtu anayeishi Texas akitamka kwamba anapika chili bila nyama, ajiandae kujieleza. Mwaka 1977 bunge la jimbo hili liliitangaza chili con carne kuwa chakula rasmi cha Texas, na kwa wenyeji wengi jina hilo lina maana moja tu: nyama ya ng'ombe iliyokatwa vipande vidogo na kupikwa kwa muda mrefu pamoja na pilipili kavu, binzari nyembamba na vitunguu saumu. Maharage, kwa maoni yao, yana sahani yake pembeni. Chama kinachosimamia mojawapo ya mashindano makubwa ya chili huko Terlingua, jangwani karibu na mpaka wa Meksiko, kinamkataza mshindani kuweka maharage, wali au tambi katika sufuria yake. Mashindano ya Terlingua yalianza mwaka 1967, pale mpishi wa Texas alipopambanishwa na mgeni kutoka New York aliyekuwa amejigamba kwamba hakuna aijuaye chili kumzidi yeye, na yakaisha kwa sare. Watu walio tayari kusafiri hadi jangwani kwa ajili ya ubishi wa namna hiyo hawawezi kunyamaza wanapoona maharage.

Mimi hupendelea kuwarudisha San Antonio, mji wa Texas ambako chakula hiki kilipata umaarufu. Katika miongo ya mwisho ya karne ya 19 na ya mwanzo ya karne ya 20, wanawake wenye asili ya Meksiko walikuwa wakiuza chili usiku katika viwanja vya mji ule, kwenye meza ndefu zilizomulikwa kwa taa, hadi masharti ya afya ya miaka ya 1930 yalipowaondoa. Mwaka 1893 banda la chili la San Antonio lilifika kwenye maonyesho makubwa ya dunia mjini Chicago. Katika miaka hiyo hiyo ya 1890, mhamiaji wa Kijerumani aitwaye William Gebhardt, aliyekuwa na mgahawa mjini New Braunfels, alianza kusaga pilipili kavu na kuuza unga wake katika chupa. Kuanzia hapo ladha ya chili ilikuwa imekwisha kutenganishwa na nyama, kwa kuwa iliwezekana kuinunua dukani na kuitia katika sufuria yoyote. Harufu inayomfanya mtu aseme kwamba hii ni chili kabla hajafunua kifuniko ni ya pilipili iliyokaushwa na binzari nyembamba, ile ile inayotupasha habari za pilau tukiwa bado barabarani, na katika vitu hivyo viwili hakuna nyama.

Hoja yangu, hata hivyo, si ya kuwashinda Watexas. Ninachotaka kueleza ni kwamba chili ya maharage haipatikani kwa kuchukua mapishi ya nyama na kuiondoa nyama. Ukifanya hivyo unabaki na maharage ya nyanya yaliyotiwa pilipili, chakula kizuri kwa njaa lakini chepesi mdomoni. Nyama ilikuwa ikifanya kazi kadhaa kwa pamoja: ilileta mafuta, ilileta utamu ule mzito unaobaki ulimini, na ilimpa mlaji kitu cha kutafuna. Kila moja ya kazi hizo inahitaji mrithi wake. Na chungu cha umeme, kifaa kinachosifiwa kwa kupika chenyewe wakati mwenye nyumba yuko kazini, katika chakula hiki hufanya nusu ya mwisho tu. Nusu ya kwanza ni ya jiko la kawaida, na anayeiruka anahatarisha ladha na, kama nitakavyoeleza, afya ya watu wake.

Sababu zangu za kuipika bila nyama ni za kawaida. Ijumaa za Kwaresima hatuli nyama, kazini tuna wenzetu ambao hawaigusi mwaka mzima, na bei ya nyama ya ng'ombe haihitaji maelezo. Sababu ya kutumia chungu cha umeme ni hali ya hewa ya Houston, mji wa Texas ninakoishi: kuanzia Mei hadi Septemba, kuacha jiko likiwaka saa nyingi ndani ya nyumba ni kumlipa mwenye umeme mara mbili, kwanza kwa jiko, kisha kwa kiyoyozi kinachohangaika kuliondoa joto la jiko hilo.

Chungu chenyewe ni chombo rahisi kukielewa. Ndani kuna bakuli zito la udongo uliochomwa na kung'arishwa, nje kuna ganda la bati, na kati yake waya wa joto umezungushwa ubavuni. Kwa kuwa joto linatoka pembeni taratibu na bakuli ni nene, chakula hakigandi chini wala hakiungui upesi. Aliyekibuni ni mhandisi wa Kimarekani, Irving Naxon, aliyeomba hataza mwaka 1936 na kuipata mwaka 1940. Mama yake alimsimulia jinsi, alipokuwa msichana huko Lithuania, chungu cha maharage na nyama kilivyokuwa kikipelekwa kwa mwokaji mikate Ijumaa jioni, kikalala ndani ya tanuri lililokuwa likipoa, kikaliwa siku ya Sabato ambayo Wayahudi hawawashi moto. Naxon alikiuza chombo chake kwa jina lililohusu maharage waziwazi, Naxon Beanery. Kampuni ya Rival ya Kansas City ikamnunua mwaka 1970, na mwaka uliofuata ikakitoa upya kwa jina la Crock-Pot, ambalo Wamarekani wengi bado wanalitumia kwa vyungu vyote vya aina hiyo bila kujali nani amevitengeneza.

Hapo ndipo penye mtego. Kifaa kilichozaliwa kwa ajili ya maharage hakifai kupikia maharage mekundu makavu moja kwa moja. Maharage mekundu yale makubwa, yenye umbo la figo, ambayo ndiyo kipenzi cha wapishi wa chili, yana kwa wingi protini ya jamii ya lektini iitwayo fitohemaglutinini. Maharage mengine nayo yanayo, lakini kwa kiasi kidogo zaidi. Yale meupe yenye umbo kama hilo yana kama theluthi moja tu ya sumu ya mekundu. Mtu akila punje 4 au 5 zilizo mbichi anaweza kuanza kutapika ndani ya saa 1 hadi 3, kisha kuhara na kusokotwa na tumbo. Wengi hupona haraka bila dawa, lakini hakuna mwenyeji anayependa kuwaona wageni wake katika hali hiyo.

Sumu hii huharibiwa na mchemko kamili wa nyuzi 100 za Selsiasi. Vyungu vya kupikia polepole vimepimwa, na mara nyingi chakula kilichomo ndani kilikutwa hakijazidi nyuzi 75. Mtu angeweza kujifariji kwamba joto kidogo kwa saa nyingi litafikia matokeo yale yale, lakini sivyo ilivyo: maharage yaliyopashwa hadi karibu nyuzi 80 bila kuchemka yanaweza kuwa na sumu mara 5 kuliko yaliyo mabichi kabisa. Kwa hiyo maharage yanaweza kulainika, yakaonekana yameiva, na bado yakaumiza. Nyumbani Afrika Mashariki hatukulelewa na hofu hii kwa sababu hatukuwa na njia ya kuikaribisha. Maharage juu ya jiko la mkaa huchemka kwa fujo hadi kifuniko kinacheza, na muda wa kulainika kwake unazidi sana muda wa kuiua sumu. Ni kifaa kipya kilichotenganisha mambo mawili ambayo mama zetu waliyapata kwa pamoja, yaani kulainika na kuchemka.

Utaratibu ninaoufuata ni huu. Nusu kilo ya maharage makavu, nusu yake mekundu na nusu meusi, nayachambua kwenye sinia na kuyaosha, kisha nayaloweka usiku kucha katika lita 2 za maji yenye kijiko 1 cha chakula cha chumvi. Ushauri wa zamani ulisema chumvi hufanya maharage yawe magumu, lakini katika maji ya kulowekea hali ni kinyume: sodiamu huchukua sehemu ya nafasi ya kalsiamu katika ganda, na ganda hulainika badala ya kupasuka. Kuna wanaotia magadi, na ni kweli magadi hulainisha upesi kuliko kitu kingine chochote, ila yanaacha ladha ya sabuni ambayo pilipili kavu haiwezi kuificha, na yanapoteza sehemu ya vitamini B1. Asubuhi namwaga maji yale, nasuuza, natia maji mapya ya kufunika maharage kwa kina cha vidole 3, na kuyachemsha kwa nguvu, mapovu makubwa yakionekana, kwa dakika 30. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani inaeleza kwamba dakika 10 za mchemko kamili zinatosha kuiharibu sumu, na inashauri 30 ili kuwa na hakika kwamba joto limefika kila mahali. Baada ya hapo napunguza moto na kuendelea hadi punje inapobonyea kwa urahisi kati ya ulimi na kaakaa huku ganda lake likiwa zima. Dakika 15 kabla ya kuepua naongeza gramu 150 za adesi za kahawia, ambazo ndizo zitakazoupa mchuzi uzito.

Anayetumia maharage ya kopo asilazimike kufanya haya yote, kwa kuwa yale yamepikwa kwa shinikizo ndani ya kopo lenyewe na ni salama. Ayasuuze tu, chumvi ya kiwandani ni nyingi.

Kuna sababu ya pili ya kutaka maharage yaive kabla hayajaonana na nyanya. Asidi ya nyanya huizuia ile gundi ya mimea, pektini, kuyeyuka, na pektini ndiyo inayozishikilia chembe za punje pamoja. Maharage yaliyowekwa nyanya yangali magumu yanaweza kukaa ndani ya chungu tangu alfajiri hadi magharibi na yakatoka na kiini cha chaki. Lakini sifa hiyo hiyo hugeuka kuwa msaada pindi maharage yanapokuwa tayari laini: asidi inayashika yasiende rojo, ndiyo maana yanaweza kukaa saa 6 au 8 katika mchuzi moto, yakafyonza viungo hadi ndani, na bado yakafika mezani yakiwa na umbo lake. Hapo, kwa maoni yangu, ndipo chungu cha umeme kinapostahili nafasi yake kwenye meza ya jikoni. Jiko la gesi lingeyavuruga maharage hayo kwa kuyachemsha mno, au lingeyaunguza chini pindi mpishi akisinzia.

Sasa pilipili. Katika maduka ya Wameksiko hapa Houston pilipili kavu hupangwa katika masanduku kama vitambaa sokoni, na mnunuzi anaruhusiwa kuzikunja mkononi ili kuchagua zilizo laini kama ngozi. Zinazovunjika kama majani makavu zimekaa mno. Nachukua ancho 3, ambazo ni poblano zilizoiva na kukaushwa, zenye ukali mdogo na ladha inayokaribia zabibu kavu. Guajillo 2 kwa ajili ya rangi. Na chipotle 1, ambayo ni jalapeño iliyokaushwa kwa moshi. Hiyo chipotle moja hurithi kazi ya nyama ya kuchoma. Nazipasua kwa mkasi, natoa mbegu na vikonyo, na kuzilaza kwenye kikaango kikavu kwa nusu dakika kila upande. Ngozi hubadilika kutoka rangi ya kahawa nyeusi kuwa nyekundu yenye mng'ao, inavimba kidogo, na harufu inapanda ghafla. Hapo hapo ziondolewe, maana zikipata doa jeusi uchungu wake hautoki tena. Zinalala katika maji ya moto kwa dakika 20, kisha zinasagwa na maji kidogo hadi ziwe rojo zito.

Msomaji aliyeko Dar es Salaam, Mombasa au Bujumbura atauliza afanyeje bila ancho. Asijaribu kuziba pengo kwa pilipili kichaa au pilipili mbuzi kwa kiasi kile kile, kwa sababu atapata moto bila mwili. Pilipili za Kimeksiko ninazozitaja zinatumika kwa wingi, karibu kama mboga, na ndizo zinazounenepesha mchuzi. Njia ya karibu zaidi ni unga wa paprika, vijiko 3 vya chakula, pamoja na pilipili nyekundu kavu 1 au 2 za kawaida zilizokaangwa bila mafuta na kusagwa. Paprika iliyofukizwa moshi ikipatikana, ni bora zaidi.

Kikaango kile kile, bila kukiosha, sasa kinapokea vijiko 4 vya chakula vya mafuta. Kiasi hicho huwashtua wanaodhani chakula cha mboga lazima kiwe cha mgonjwa, lakini rangi nyekundu ya pilipili, ukali wake na sehemu kubwa ya harufu ya binzari huyeyuka katika mafuta na si katika maji, na kwa kuwa hakuna nyama ya kuyatoa, ni lazima yatoke chupani. Vitunguu maji 2 vikubwa vilivyokatwakatwa vinakaangwa hadi kingo zake ziwe za kahawia, si kulainika tu. Kisha pilipili hoho 2, moja ya kijani na moja nyekundu, na uyoga robo kilo uliokatwa vipande vidogo sana na kukaangwa hadi maji yake yote yaishe na uanze kulia kwenye chuma. Uyoga huo hautaonekana mezani. Kazi yake ni kuleta ule utamu mzito wa nyama, na hausumbui hata wasiopenda uyoga, mradi usiwaambie. Halafu punje 6 za vitunguu saumu, vijiko 2 vya chai vya binzari nyembamba iliyokaangwa kavu na kutwangwa, kijiko 1 cha chai cha giligilani, na kijiko 1 cha chai cha oregano.

Nyanya ya kopo iliyo nzito, vijiko 3 vya chakula, hutiwa sasa na kukaangwa peke yake katikati ya kikaango. Hapa pasifanywe haraka. Ikiingia ni nyekundu ya kung'aa na harufu yake ni ya bati. Baada ya dakika 3 au 4 inakuwa rangi ya tofali, inajikusanya, na mafuta yanaanza kujitenga pembeni yakiwa ya rangi ya machungwa. Ni dalili ile ile tunayoingojea tunapokaanga nyanya za mchuzi wa samaki. Rojo la pilipili linafuata, linakaangwa nalo hadi liache kurukaruka, kisha nusu kikombe cha maji kinakwangua kila kilichoshika chini. Haya ndiyo yasiyoweza kufanyika ndani ya chungu cha umeme, kwa sababu hakifikii joto la kukaanga kitu chochote. Mapishi mengi huagiza kutupia kila kitu kibichi ndani, kufunika na kuondoka. Chakula kinachotoka huko kinajaza tumbo, lakini vitunguu vyake vina ladha ya kuchemshwa na binzari yake ina ladha ya vumbi.

Mambo yakishafika hapo, yaliyobaki ni mepesi. Kikaango kinamiminwa ndani ya chungu cha lita 6, maharage na adesi vinafuata pamoja na vikombe 2 vya maji yake ya kuchemshia, kisha gramu 800 za nyanya za kopo zilizokatwa, kiazi kitamu 1 kikubwa kilichokatwa vipande vya ukubwa wa kete za bao, vijiko 2 vya chakula vya sosi ya soya, na kijiko 1 cha chakula cha unga wa kakao usio na sukari. Kakao haileti ladha ya chokoleti kwa kiasi hicho. Inaongeza uchungu kidogo na weusi wa rangi. Kuhusu nyama bandia za soya zinazouzwa zimegandishwa, sina ugomvi nazo kwingineko, ila katika chungu cha saa 6 hunyonya mchuzi hadi kuwa kama sifongo. Atakaye cha kutafuna zaidi atie ngano iliyopasuliwa, theluthi moja ya kikombe, katika saa ya mwisho.

Maji yawe machache kuliko macho yanavyotaka. Katika sufuria ya kawaida mvuke hutoroka na mchuzi hujipunguza wenyewe. Katika chungu hiki mvuke hugonga kifuniko na kurudi, na mboga nazo hutoa maji yake. Chakula kikifunikwa sawasawa na mchuzi, bila kuelea, kinatosha. Chungu kijae kati ya nusu na theluthi mbili. Moto mdogo kwa saa 6 hadi 8, au moto mkubwa kwa saa 3 hadi 4. Mimi huchagua mdogo, kwa sababu kiazi hakivunjiki. Na kifuniko kisiguswe. Kila kinapofunuliwa joto linaloondoka huchukua takriban dakika 20 kurudi, na katika nyumba yenye watoto wadadisi hilo laweza kusogeza chakula cha jioni hadi saa 3 usiku.

Nusu saa kabla ya kula natia kikombe 1 cha punje za mahindi, na vijiko 2 vya unga wa masa uliokorogwa katika maji baridi. Huo ni unga wa mahindi yaliyochemshwa kwa chokaa kabla ya kusagwa, ule wa kutengenezea tortilla, na harufu yake ni sehemu ya chili kama ilivyo binzari. Sembe itaufanya mchuzi uwe mzito lakini haitaleta harufu hiyo. Asiye na masa ni bora achote mwiko mmoja wa maharage, ayaponde, ayarudishe. Mwisho kabisa, moto ukiwa umezimwa, maji ya ndimu 1 na chumvi. Saa nyingi za moto mdogo hulainisha kila ladha hadi zinafanana, na ni ndimu inayozitenganisha tena. Chumvi nayo ionjwe wakati huo na si kabla, kwa kuwa sosi ya soya tayari imeingiza ya kwake.

Wamarekani huila na mkate wa mahindi, au kuimimina juu ya chipsi za mahindi, pamoja na jibini, krimu chachu na vitunguu vibichi. Mimi huongeza parachichi na kotmiri. Katika jumuiya yetu huliwa na wali mweupe, na mama mmoja mtu mzima kutoka Kigoma, ambaye heshima inatulazimu kumpakulia wa kwanza, alikula sahani nzima kisha akauliza, "Mwanangu, maharage ni mazuri, lakini mbona umeyanyima nazi?" Nilimjibu, "Mama, haya ni ya Texas. Ya nazi nitakuletea Jumapili." Nazi ingeufunika uchachu wa ndimu na uchungu wa pilipili, na chakula kingehama bara. Jumapili nilimpelekea ya nazi, kama nilivyoahidi.

Kwa wanaofikiria kununua chungu hiki Marekani na kukibeba kwenda nyumbani, wasome maandishi yaliyo chini yake kwanza. Vilivyotengenezwa kwa soko la huku hutumia volti 120, na vikichomekwa moja kwa moja kwenye umeme wa Tanzania wa volti 230 au wa Kenya wa 240 vitaungua. Ni nafuu kununua kilichotengenezwa kwa umeme wa kwetu kuliko kununua transfoma. Lipo pia suala la umeme kukatika wakati hakuna mtu nyumbani. Chakula kilichokaa zaidi ya saa 2 kati ya nyuzi 4 na 60 hakifai kuliwa hata kikinukia vizuri, na chungu kisicho na saa ya kidijitali hakitakuambia kwamba umeme ulikwenda mchana na kurudi. Penye umeme usio na uhakika, siku ya kupika hivi iwe siku ya kukaa nyumbani.

Kiasi hiki hulisha watu 8, na huwa tamu zaidi siku ya pili. Itolewe ndani ya bakuli la udongo mara baada ya kula, kwa sababu udongo ule unashika joto kwa muda mrefu na chakula kinapoa polepole mno. Igawanywe katika vyombo vya kina kifupi na kuingia kwenye friji ndani ya saa 2. Humo inakaa siku 3 hadi 4. Kwenye friza inakaa miezi kadhaa, isipokuwa vipande vya kiazi kitamu, ambavyo vikiyeyuka huwa na maji, hivyo ninapojua mapema kwamba nusu itagandishwa navitoa kwa kijiko na kuvila kwanza. Kupasha moto kufanyike jikoni, katika sufuria, hadi mchuzi uchemke kabisa. Chungu cha umeme hupasha kilichopoa kwa mwendo wa taratibu mno, na kazi hiyo kisipewe.